Mpima nyota wa Muhumba

Kila alfajiri mwishoni mwa Mei 1989, shemeji wa Bibiane aliweka darubini uani kwao, mtaa wa Muhumba, akapima mwangaza wa nyota iliyolipuka. Tarakimu ya jana aliifunika kwa kiganja, isimdanganye, ndipo aandike mpya. “Iko kitu nyeusi, maman, haionekani,” alimweleza Bibiane kwa sauti ya kanisani, akimwita mama kwa heshima kama alivyozoea. “Inanyonya nyota jirani, na ile inamezwa ndiyo inawaka.” Leo aliandika: haionekani. Bibiane aliinua macho, akaona anga safi kabisa. Akainama kwenye darubini. Nyota ilikuwa palepale, inawaka. Ugonjwa uliomuua mume wake, kaka wa huyu, ulianzia machoni. Ee Bwana, huyu umwache, aliomba kimoyomoyo. Shemeji akaanza kufuta lenzi kwa shati.

“Iko mawingu, si ndiyo, maman?”

“Ndiyo, tonton,” alimjibu, akimwita mjomba kama watoto wamwitavyo. “Iko mawingu.”