Nilikausha Sigaa, Nikachafua Jina la Mtani Wangu

Ndugu yangu unayesoma, usinihurumie. Nimemkosea mtu mzima, tena mtani wangu, na nilimkosea kwa ujuaji wangu mwenyewe. Wengine wakikosa husingizia shetani. Mimi sina wa kumsingizia. Shetani ana kazi nyingi, hana haja ya mjinga kama mimi!

Mimi ni Mzaramo. Baada ya vita nilipanda gari moshi Dar es Salaam nikashuka Tabora, na suruali moja ya maana na kichwa kilichojaa upepo wa pwani. Nikapata kazi ya kuhudumu katika klabu moja ya wazungu. Watu wa Tabora wote niliwaona washamba. Mji una misikiti, una Waarabu wa siku nyingi, Kiswahili chao kimenyooka kuliko changu, na bado niliwaona washamba! Pima mwenyewe akili hiyo.

Klabuni nilimkuta Mzee Maganga, Mnyamwezi mwenye asili ya kijiji cha Ntalikwa, aliyekuwa amejenga mtaa wa Isevya pale mjini. Kazi yake ilikuwa moja tu: kutunza kabati la sigaa. Sisemi sigara hizi za karatasi unazonunua mojamoja dukani. Sigaa ni zile nene kama kidole gumba, majani matupu ya tumbaku yaliyoviringwa. Za klabu zilitoka Kuba, zikaja kwa meli, kisha kwa reli mpaka kwetu.

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakipita kwetu na pembe mabegani. Basi kila asubuhi nilimwamkia kama mkubwa wangu, kisha nikamtukana.

"Shikamoo, mpagazi wangu!"

"Marahaba, mla nazi. Leo umeamka mapema, ngoma ya kwenu imepasuka?"

Tukacheka, tukaanza kazi. Yeye alicheka kwa mapenzi. Mimi nilicheka huku moyoni nikimdharau kweli, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Mtani wa kweli anakutukana mdomoni tu.

Sasa sikiliza alivyokuwa akitunza. Kabati lilikuwa la mninga, mlango wake umebana. Kiangazi kikiingia, upepo wa Tabora ukianza kukausha hata midomo ya watu, Mzee Maganga alikuwa akivunja mtungi wa zamani, analoweka vigae vyake usiku kucha, anavifuta, kisha anavipanga chini kabisa ya kabati, mbali na visanduku. Kila Jumatatu na Alhamisi anavilowanisha tena. Masika ikija, anavitoa vyote, maana hewa yenyewe imeshalewa maji. Hakuwa na kipimo chochote. Alikuwa akitoa sigaa moja, anaibinya taratibu karibu na sikio. Ikitoa sauti kama jani kavu, ina kiu. Ikinyamaza na kurudi ilivyokuwa, ni nzima.

Alifundishwa na baba yake, aliyekuwa mpagazi kweli, si wa utani. Tumbaku ya Unyamwezi ilifungwa vizuri ikabebwa miezi, na wale wazee waligundua kwamba ikifika pwani bila kukauka inakuwa tamu kuliko ilivyoondoka.

Siku moja aliniletea vipisi viwili walivyoacha wazungu. "Vuta hiki," akasema. Nikavuta. Kikaniuma ulimi, na pua ikasikia harufu ya zizi la mbuzi. "Hiyo ni sigaa changa, imekuja mwaka huu. Sasa vuta hiki." Cha pili kiliingia polepole, kizito, kina utamu wa mbali kama asali nyeusi ya porini. Akaniambia hicho kimelala miaka minne. Tumbaku ikilala mahali pazuri, ukali unaondoka kidogo kidogo na mafuta yake yanakaa. Ikikauka, mafuta nayo yanakwenda.

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mzee, moshi ni moshi tu." Eti moshi ni moshi! Nami ndiye niliyejiita mstaarabu!

Katika kabati lile kulikuwa na kisanduku kimoja ambacho hakuna aliyekigusa. Kilikuwa cha mzungu mmoja mzee wa reli. Alikuwa amemwambia Mzee Maganga, "Hizi utanipa siku nitakayoondoka Tanganyika." Kisanduku kililala miaka sita. Mzee Maganga alikipenda kuliko baadhi ya watu wanavyopenda watoto wao. Mji mzima wa watumishi ulijua: siku sanduku lile likifunguliwa, wazungu watajua Maganga ni nani.

Mwaka wa sita, katikati ya kiangazi, aliomba likizo ya wiki tano kwenda Ntalikwa kumwoza mjukuu wake. Akanipa mimi ufunguo.

"Mtani, leo hatutaniani," akasema. "Jumatatu na Alhamisi, lowanisha vigae. Usimwage maji, usiache mlango wazi. Lile la bwana wa reli usilifungue kabisa."

"Nenda, mpagazi. Mimi nimesoma."

Nimesoma! Madarasa manne, ndugu yangu. Madarasa manne na kiburi cha madarasa arobaini.

Wiki ya kwanza nilifuata. Wiki ya pili nikafungua kisanduku cha bwana wa reli. Kwa nini? Kwa sababu niliambiwa nisifungue. Nikaona juu ya sigaa unga mweupe, mwepesi, kama uliopulizwa. Nikaruka kwa furaha! Naam, kwa furaha. Nikasema: ukungu! Mzee ameozesha mali ya watu kwa vigae vyake vya kishamba!

Mimi nimezaliwa pwani. Kwetu adui ni unyevu. Viatu vinaota ukungu, vitabu vinaota ukungu, hata mswaki wako ukiuacha. Mtu wa pwani akiona kitu cheupe juu ya kitu, anatafuta jua. Haikunijia hata mara moja kwamba hapa si pwani, kwamba hapa hata mate ni shida kupatikana mwezi wa nane. Wala sikumuuliza mtu yeyote. Nimuulize nani? Washamba?

Nikafuta kila sigaa kwa kitambaa kikavu. Nikatupa vigae jalalani. Nikajaza mkaa chini ya kabati ili unyonye maji, kama bibi yangu alivyofanya kwenye sanduku la nguo. Kisha kila mchana nikafungua mlango wa kabati, upepo upite. Nikawatangazia wenzangu jikoni: "Mnyamwezi akirudi ataona kazi ya Mzaramo!" Nao wakacheka, majuha wale, wakasema utani wetu mwaka huu umekolea.

Ule unga mweupe haukuwa ukungu. Ni mafuta ya tumbaku yenyewe, yanatoka juu ya jani sigaa ikizeeka vizuri. Ndiyo alama kwamba miaka sita imefanya kazi yake. Nilichokifuta kwa kitambaa ndicho kilichokuwa kinangojwa.

Mzee Maganga alirudi kwa baiskeli alasiri ya siku ileile ambayo klabu ilikuwa imemwandalia bwana wa reli karamu ya kumuaga Tanganyika, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaenda moja kwa moja kabatini. Akaona mkaa. Akafungua kisanduku, akabinya sigaa moja karibu na sikio lake. Ililia kama maganda ya karanga.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alisema tu, "Mtani, umefanya nini?"

"Nimekuondolea ukungu, mpagazi wangu," nikasema, na bado nilikuwa nachekacheka.

Akanieleza ule unga ulikuwa nini. Nikamwambia basi tulowanishe vigae sasa hivi. Akatikisa kichwa. Sigaa iliyokauka inarudishiwa maji kwa miezi, polepole, na ukiiharakisha inapasuka. Tena maji yatarudi, mafuta hayatarudi. Akasema tumwambie Bwana Katibu wa klabu kabla ya karamu. Nikamwambia, "Subiri, pengine hawatajua."

Jioni ile kisanduku kikapelekwa mezani. Bwana wa reli akachukua ya kwanza, jani la juu likapasuka mkononi mwake. Akaiwasha hivyohivyo. Ikawaka mbio kama nyasi, akakohoa mpaka machozi. Wengine nao wakajaribu, wakatema.

Bwana Katibu alikuwa akijisifu kila siku kwamba ulimi wake unaweza kukuambia hata shamba lililotoa jani. Akavuta mara mbili, akatangaza kwamba hizi si sigaa zile! Eti ni takataka nyingine kabisa. Za Kuba zimeuzwa, kukawekwa za bei ya chini. Ulimi gani huo! Bora ulimi wa ng'ombe, unajua chumvi. Sigaa ni zilezile, zimekauka tu, na bwana mjuzi haoni. Na wazungu wote wakaitikia kwa vichwa, maana hakuna aliyetaka kuonekana hajui.

Mzee Maganga akasema, "Bwana, sijauza. Ufunguo alikuwa nao kijana huyu, ndiye aliyezikausha."

Bwana Katibu akanigeukia. "Wewe. Umefungua kabati?"

Ndugu yangu, hapa ndipo ningeweza kuwa mtu. Neno moja tu lilitosha. Ndiyo, Bwana. Watoto wa mwaka mmoja wanalijua neno hilo!

Nikasema, "Hapana, Bwana. Nilishika ufunguo tu. Sikufungua."

Na wenzangu wa jikoni, walionisikia nikijigamba wiki tatu nzima, wote wakaangalia miguu yao. Sina haki ya kuwalaumu, lakini nawadharau pamoja nami, tupo kapu moja.

Mzee Maganga alifukuzwa jioni ileile kwa wizi, mbele ya mzungu aliyemtunzia sanduku miaka sita. Hakunitazama tena. Asubuhi Bwana Katibu akanipa mimi ufunguo. Nikaupokea! Nikasema na ahsante.

Nikafukua vigae jalalani nikavirudisha. Kwa siri nikaweka sigaa chache za kile kisanduku kando, nikazitunza alivyofundisha yeye. Baada ya mwaka zilikuwa laini kabisa, ukizibinya hazilii. Nikawasha moja. Ilikuwa na moshi na haina kitu ndani. Kila kitu alichosema mzee yule kilikuwa kweli, nami ndiye niliyekuwa nikipewa sifa za kabati lake.

Isevya wakamwita "Maganga wa sigaa", na hawakuwa wanamsifu. Wanawe wakataniwa kisimani, wakataniwa sokoni. Mara ngapi nilitoka nyumbani kwenda kumwomba radhi? Nilikuwa nikifika kona ya mtaa wake, nakumbuka shughuli nyingine. Miaka mitatu nilikumbuka shughuli nyingine!

Halafu akafa. Nikaitwa.

Unajua msiba wa Mnyamwezi, mtani ana kazi. Anawazuia wabebaji, anamtukana marehemu, anawachekesha wafiwa ili moyo upoe, na hapewi nafasi ya kukataa. Watani wa Kizaramo mjini tulikuwa wachache, na wote wakasema, mtani wake hasa ni yule aliyefanya naye kazi. Wakanisukuma mbele ya jeneza.

Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Nikasimama, watu wote wa Isevya wapo, mjane yupo, wanawe wapo. Nikapaza sauti: "Huyu hakuwa mwizi! Sigaa za bwana wa reli nilizikausha mimi! Nilimdanganya mzungu, yeye akafukuzwa, mimi nikachukua kazi yake! Mwizi ni mimi!"

Wakacheka.

Wallahi wakacheka! Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mzee mmoja akapiga makofi akasema, "Ah, huyu Mzaramo anajua utani!" Mjane alicheka huku analia. Nikarudia. Nikaapa. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka. Mwisho wakaniletea kuku, haki ya mtani aliyefanya kazi yake vizuri, na mwanawe mkubwa akanishika mkono akasema, "Ahsante, mtani. Umetupoza. Angalau leo tumelicheka jambo lile."

Nilimchukua yule kuku, ndugu yangu. Nilitembea naye mpaka nyumbani.

Basi ninyi mnaosoma, hasa ninyi vijana mnaotoka mji mmoja na kwenda mwingine mkidhani mmekwenda kuwafundisha watu, ulizeni kwanza. Na ukimharibia mtu, sema siku ileile, mbele ya watu walewale, ukiwa na hofu ya kufukuzwa. Ukingoja, kweli yako itageuka mchezo na hakuna atakayeitaka.

Watu wa Isevya, Mzee Maganga hakuiba. Safari hii sitanii. Mtaniuliza mimi ni nani, nami bado nina ufunguo wa kabati na watoto wanaokula kwa kazi ile. Mhariri, jina lake liache lisomeke. Langu nimelikata, naomba usiliulize.