Bi Mishi wa Kinondo na Mjukuu Asiyeitika

Mama mkwe wangu, Bi Mishi, alikuwa na makatazo kwa kila kitu. Usifagie nyumba baada ya magharibi. Usipige mluzi ndani. Usikalie kinu. Mimi nimezaliwa Kibokoni, mtoto wa mjini, na mdomo wangu Mungu hakuutilia kufuli. Basi kila tulipokwenda Kinondo kwa likizo ya Agosti, mimi naye tulikuwa paka na panya. Mume wangu Tsuma alikuwa katikati, maskini, akijifanya hasikii.

Lakini nisimsingizie mtu wa watu. Bi Mishi alikuwa mchapakazi, wallahi. Alfajiri yuko shambani kwake na jembe, jioni yuko barazani na ukili wa mkeka mapajani, vidole vinakwenda mbio na macho yanatazama njia. Alizika watoto wanne, akabakiwa na wawili, Tsuma na binti mmoja. Mumewe, Mzee Boga, miguu ilikuwa imemlaza, na yeye ndiye aliyemnyanyua, akamkogesha, akamlisha, asimwambie mtu kuwa amechoka. Mjukuu wake mmoja tu, Chiku wangu, alimpenda mpaka nikaona wivu. Walilala kitanda kimoja, wakinong'ona mpaka usingizi uwachukue.

Mwaka huo wa hamsini na sita Chiku alikuwa na miaka sita. Siku ile, baada ya alasiri, Tsuma alimchukua wakachume mabungo kwenye msitu ulio kati ya mashamba na pwani. Bi Mishi alikuwa shamba la mbali, akichimba mihogo. Mimi nilibaki nikikuna nazi. Sijamaliza hata kifuu cha pili, nikamwona Tsuma anakuja mbio, shati limechanika, mikono mitupu.

"Chiku amerudi?" akaniuliza.

"Arudi na nani? Si umekwenda naye wewe?"

Alikuwa amepanda juu kuyafuata mabungo, akamwacha mtoto chini. Mtoto akaona mbega, akamfuata. Tsuma aliposhuka hakuona mtu. Ameita mpaka koo limekauka. Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mumewe, na siyafuti hata leo, kisha nikafunga leso kiunoni nikatoka mbio bila viatu.

Msitu ule si mahali pa mchezo. Chini ni mawe ya matumbawe, makali, yana mashimo yaliyofunikwa na majani, mengine mtu mzima huingia mzima mzima. Kuna chatu. Na jua lilikuwa limeshaanza kuelekea machweo. Likizama, humo ndani huoni hata mkono wako. Ikiwa Chiku atalala humo, sitampata. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu.

Majirani wakaja, Mungu awalipe kheri. Wanaume wakatawanyika na mapanga, wanawake wakafuata, kila mtu anaita. Chikuu! Chiku weee! Msitu mzima ukawa jina la mwanangu. Niliita mpaka sauti ikawa inatoka imepasuka, kisha nikawa naita na kulia pamoja, sijui ni kipi ni kipi. Tulikwenda mpaka pwani tukarudi. Kimya. Hata ndege walinyamaza. Mwanamke mmoja akaanza kusema "inna lillahi", nikamwambia afunge kinywa chake kabla sijakifunga mimi.

Hapo ndipo Bi Mishi alipotokea. Alikuwa amesikia makelele kutoka shambani, ametupa mihogo njiani, udongo bado mikononi. Nikadhani ataanza kuita kama sisi. Badala yake akapiga ukelele: "Nyamazeni! Nyamazeni nyote! Msimwite!"

Toba! Nilidhani amerukwa na akili. "Mama," nikamwambia, "mtoto amepotea, nisimwite vipi?"

Akanishika mikono miwili. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Mama Chiku, mimi ndiye niliyemfundisha. Kila usiku namwambia. Ukiwa msituni ukasikia jina lako, usiitike. Si mtu huyo. Ni shetani anaigiza sauti za watu wako. Dada yangu aliitika, tukiwa wadogo, tunaokota kuni humu humu. Hatukumwona tena."

Kwa hiyo mwanangu huenda yumo humo, mzima, anatusikia, na kadiri tunavyomwita ndivyo anavyozidi kujificha! Damu ilinipanda. "Umemfundisha mwanangu asiniitikie mimi? Mimi mamake?"

"Ndiyo," akasema. "Nisamehe baadaye. Jua linatua."

Watu wakaanza kugombana. Mmoja anasema tuwashe mienge, mwingine anasema bibi mzee ametuchelewesha. Tsuma akawanyamazisha, mara ya kwanza maishani namsikia akipaza sauti. "Mwacheni mama afanye anachojua."

Bi Mishi akajifuta mikono kwenye kaniki yake. "Shetani anaweza kuigiza kila kitu," akasema, "ila maneno ya Mwenyezi Mungu hayawezi. Hilo pia nimemfundisha." Akatuambia tumfuate nyuma, mtu asitoe hata pumzi, kisha akaingia msituni akisoma Alhamdu kwa sauti, kama mwalimu wa chuo cha Kurani. Anasoma mpaka mwisho, anasimama, anasikiliza. Hakuna kitu. Anasogea, anasoma tena.

Jamani, mimi kunyamaza sikuzoea. Niliuma leso yangu mpaka ikachanika. Kila akimaliza nilitaka kupiga kelele, Chiku, ni mimi, ni mama, toka! Tsuma alinibana mkono, nami nikambana wake. Giza lilikuwa limeshafika magotini. Bi Mishi akasahau aya aliyoisoma maisha yake yote, akaanza upya. Nilimchukia na nilimwombea, vyote kwa pamoja.

Tukafika kwenye mzizi mkubwa ulioshuka juu ya mwamba. Akasoma tena, taratibu, akafika neno la mwisho, "waladh-dhaalliin", akanyamaza.

Kutoka chini ya miguu yetu, kasauti kadogo kakajibu, kama wanavyojibu watoto chuoni: "Aamiin."

Mtume! Bi Mishi alianguka kwa magoti, akawa anafukua majani kwa vidole. Tsuma akajitosa mpaka kiunoni ndani ya ufa wa mwamba, akamtoa mtoto, mguu umechubuka, nguo zimelowa mkojo, yu hai. Watu wakapiga vigelegele. Nikampokonya mikononi mwa babake nikamkumbatia mpaka akasema anaumia.

Pale tulipokuwa tumesimama palikuwa pamekanyagwa. Leso yangu ya pili, ile ya kichwani, ilikuwa imenasa kwenye mwiba pembeni mwa ule ufa. Sikujua hata ilidondoka lini. Nilikuwa nimepita pale pale, nikaita pale pale.

"Chiku," nikamwuliza, "hukunisikia mama?"

Akaniangalia, kisha akamwangalia bibi yake, kama anayeogopa kuwa amekosea.

"Nilikusikia," akasema. "Ulikuwa unalia. Nikataka kuja. Nikajiziba mdomo kwa mikono miwili, nikamwambia Mungu akufukuze."