Matilda, mhudumu aliyewakumbusha madaktari kuwa kondo lina mwenyewe

Saa mbili asubuhi, manyunyu yanaendelea nje, na Matilda Kalinga anatoka mbiombio chumba cha upasuaji cha hospitali moja jijini Mbeya akiwa na ndoo nyeupe yenye mfuniko. Haangalii saa. Dakika thelathini alizopewa kufikisha kilichomo anazijua kichwani.

Kwenye benchi la wodi ya wazazi anasubiriwa na bibi mmoja mwenye uso wa ukaguzi. Matilda anamwamkia, anafunua ndoo. Bibi anavaa glavu, anageuzageuza kondo la nyuma la mjukuu wake, anaridhika. Analibeba kwenda kulizika nyumbani, kwenye migomba.

Ukimwona hivi huwezi kudhani kwamba mhudumu huyu wa miaka 53, aliyeishia darasa la saba, ndiye aliyeunusuru utafiti wa watu wenye shahada tatu tatu.

Watafiti hao, wakiongozwa na Dk. Gwakisa, wanatafuta tiba ya walioungua. Huchukua utando mwembamba uliomzunguka mtoto tumboni, ambao kwa kawaida mwili wa mtu mwingine hauukatai. Wanausafisha, kisha wanapanda juu yake seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa ngozi. Walihitaji tando thelathini kufikia mwisho wa Juni, la sivyo kazi ifungwe. Baada ya miezi mitatu walikuwa nazo mbili.

Mbili tu, jamani! Wasomi wakabaki kukuna vichwa. Wajawazito walielezwa vizuri, wakasaini fomu za ridhaa bila kinyongo. Siku ya upasuaji anatokea mama mkwe, anasema hapana, na mambo yanaishia hapo.

Matilda, ambaye kazi yake ilikuwa kusukuma machela na kupiga deki, aliliona kosa mapema, ila nani angemuuliza? Huku kwao kondo humsubiri bibi. Yeye ndiye hulipokea na kulizika, na familia isiyojua limekwenda wapi haina amani. Mwezi wa nne uvumilivu ulimshinda, akabisha hodi ofisini kwa Dk. Gwakisa.

"Nilimwambia, daktari, mnamwomba asiye mwenye mali. Na mnachokitaka ni kautando kembamba kama ganda la kitunguu. Chukueni hako, kondo mrudishieni bibi palepale."

Dk. Gwakisa anakiri aliona haya. Yeye mwenyewe ni Mnyakyusa, na kondo lake limezikwa Tukuyu. "Nilipoandika ile fomu nilisahau kwamba nami nina bibi," anasema.

Saini ya mzazi ikabaki palepale, lakini sasa bibi naye akawa anaitwa na kuelezwa. Wa kwanza alikuwa Alinanuswe, kutoka Rungwe, aliyekuja amekunja uso. Alitaka kujua kama mjukuu wake atakua nusu mtu. Matilda hakumpa hotuba. Baada ya upasuaji alimfunulia ndoo, akamwachia nafasi. Alinanuswe alikagua kipande kwa kipande, kama alivyofundishwa na mama yake, akakuta kondo limetimia.

Akauliza kama kweli huo utando utamvika mtu aliyeungua. Matilda akamjibu ukweli: jaribio likifaulu, ndiyo. Basi wachukue, akasema bibi, na jirani yake naye ana mkwe anayejifungua wiki ijayo.

Habari zikaenea sokoni na kanisani kushinda tangazo lolote la hospitali. Juni 20, utando wa thelathini ukaingia maabara.

Wiki tatu zilizopita Matilda aliitwa, akakalishwa mbele ya hadubini. Seli zilikuwa zimeshika, zimejaa kila kona ya utando, hai kabisa. "Nilipiga vigelegele mle ndani nikalia hapohapo," anasema. "Wakanisamehe."

Mgonjwa wa kwanza bado yuko mbali, vipimo ni vingi. Lakini awamu ya pili imepata kibali. Inaanza Iringa mwezi ujao, na Matilda ndiye atakayewafundisha wahudumu wa huko namna ya kuzungumza na familia.

Huko ana jambo lake pia. Mkwewe Frida, anayeishi Mafinga, anatarajia kujifungua kwa upasuaji mwezi wa kumi, na fomu ameshasaini.

"Frida amekubali, namshukuru," anasema Matilda bila utani. "Ila siku hiyo siendi kazini, mimi ni bibi. Wasipokuja kuniuliza, hawapati kitu."