Wali Mweupe wa Mzazi

Tangu ajifungue, Chanthala aliishi kwenye kitanda cha mianzi, kando ya moto, akiiona dunia kupitia moshi. Paa lilielea taratibu machoni pake. Sauti za watu zilimjia kama zimepita chini ya maji. Miguu yake ilikuwa ya mtu mwingine, mtu mzito, aliyekuja kupumzika bila kubisha hodi.

Mamamkwe wake, Mama Pheng, hakuwa mtu wa kufanya mambo nusunusu. Nyama, maharage na mboga vilikatazwa, kwa kuwa viliwahi kumuua shangazi fulani katika mwaka usiokumbukwa. Mzazi alikula wali wa kunata, chumvi na tangawizi. Na kwa heshima ya mjukuu, mchele ulikobolewa mara mbili mashineni, ukaoshwa mpaka ukameremeta. Pumba na maji ya kuoshea walipewa nguruwe, na wilaya nzima haikuwa na nguruwe wenye siha kama wale.

Watoto wawili wa kwanza walikuwa wamezikwa, kila mmoja katika mwezi wake wa tatu. Wa tatu huyu, asubuhi moja, alifungua kinywa kulia. Uso ukakunjamana, machozi yakatoka, sauti haikutoka. Chanthala akajua: wale nao walianza hivyohivyo.

"Mizimu imemeza sauti," alisema Mama Pheng. "Mchele nitauosha mara nne."

"Mama, tumpeleke zahanati."

"Wewe hata kusimama huwezi."

"Basi tubebeni wote wawili."

Kule zahanati, muuguzi Somchit alimchoma mtoto sindano ya thiamini, ile vitamini B1, kisha akauliza mzazi anakula nini.

"Wali mweupe," akajibu Mama Pheng kwa fahari. "Mweupe kabisa."

"Thiamini imo kwenye pumba, mama. Basi yake inaliwa na nguruwe. Titi halitoi kisichoingia."

"Nyama hali. Akinifia, utamzika wewe?"

Katika mabishano hayo ya miiko, Somchit alikuwa akishindwa na mama wakwe kwa miaka tisa; safari hii akapita njia nyingine. "Vidonge si chakula. Wazee walikataza vidonge?"

Mama Pheng akawapekua wahenga wake kichwani, mmoja mmoja.

"Hawakuvitaja," akakiri. "Lete."

Chanthala alikuwa amemeza kidonge cha kwanza, akielea kati ya usingizi na dari, kitu kilipokwaruza hewani. Kikakatika, kikarudi, kikawa kilio kikubwa, kibaya, cha kuudhi. Wagonjwa wakageuka.

"Mnyonyeshe anyamaze," alisema Mama Pheng, akijifuta macho kwa pindo la shali. "Anatuaibisha."

"Mwache kwanza, mama," alisema Chanthala.