Mguu wa Mbele wa Kulia

Nikisikia harufu ya samli ikipashwa moto, siwazi chapati wala pilau. Nawaza mguu wa ng'ombe. Kijiji chetu kilikuwa ukingoni mwa Mto Tana, mwendo wa asubuhi moja kwa mtumbwi kufika Garsen, na katika msimu mmoja wa miaka ya hamsini mama yangu alikuwa akibeba samli kwenye kifuu cha nazi kila Jumapili baada ya kanisa, akatembea hadi walikochungia Waorma, majirani zetu wafugaji, akapiga magoti mavumbini na kuupaka mguu wa mbele wa kulia wa mtamba mwekundu. Mguu huo tu. Mingine mitatu ilikuwa ya watu.

Mwaka ule mpunga ulitoka vizuri kuliko kawaida, na Mama na mdogo wake, mama mdogo Rebeka, walibaki na gunia moja moja la ziada. Nilikuwa na miaka kumi, na kulikuwa na nafasi yangu katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni. Kilichokosekana kwa kuanzia ni sanduku, blanketi na sare, na nafasi yenyewe haikuwa ya kungoja mwaka wa pili. Kwa hiyo magunia yale mawili yalitazamwa nyumbani kwetu kwa heshima kubwa, na hakuna aliyethubutu kuyakalia. Swali lilikuwa namna ya kuyafanya yazae kabla ya shule kufunguliwa.

Mama mdogo Rebeka alikuwa mtu wa kulala mapema na kufunga mlango mara mbili. Alilipeleka gunia lake Garsen, kwa mwenye duka aliyehitaji mpunga wa kuuza miezi ya njaa. Wakaandikiana karatasi: baada ya mavuno yajayo angerudishiwa gunia lake na pishi kumi juu yake, duka lipate faida au lipate hasara. Karatasi aliificha ndani ya Biblia, katikati ya Zaburi, na tangu siku hiyo akawa msomaji mkubwa wa Zaburi. Mama alimcheka. "Na huyo mtu akitajirika kwa mpunga wako, utapata nini zaidi?" Mama mdogo akajibu, "Sitapata kitu. Lakini nitalala."

Mama hakutaka kulala, alitaka kutajirika. Akaungana na Bi Salome, mjane mzee wa jirani, na wanawake wengine wawili, kila mmoja akatoa gunia, wakanunua mtamba mwenye mimba kwa Mzee Guyo, mfugaji wa Kiorma aliyekuwa rafiki wa ukoo wetu tangu zamani. Sisi watu wa mtoni hatukujua kufuga. Ilikuwa desturi kumwachia Morma ng'ombe wako amchunge, yeye anywe maziwa, ndama wawe wako. Hapo hapakuwa na tatizo. Tatizo lilianza pale wanawake wale wanne walipoulizana nani anamiliki nini, wakaona kwamba Mungu mwenyewe ameshagawa: wenyewe wanne, miguu minne. Wakapiga kura kwa vijiti. Mama akapata wa mbele wa kulia, Bi Salome wa nyuma wa kushoto.

Amani ilidumu wiki moja. Wenye miguu ya nyuma walitangaza kwamba ndama ni wao, kwa kuwa atatokea upande wao. Mama na mwenzake wa mbele wakajibu kwamba majani yanaingilia upande wao, na bila majani hakuna ndama. Kila mmoja alikuwa akitoa kupe kwenye mguu wake tu. Niliwahi kumwona Mama akimtazama kupe aliyenona akitambaa kutoka mguu wa mwenzake kuelekea tumboni, akamwacha apite.

Kisha ng'ombe akaanza kuchechemea. Mguu wa mbele wa kulia.

Tulikwenda sote. Mguu ulikuwa umevimba na ng'ombe hakutaka kuukanyaga. Mzee Guyo alikuwa amepeleka kundi kubwa malishoni, harudi hadi kesho kutwa. Wenzake Mama wakarudi nyuma hatua moja, wakasema kwa huruma nyingi kwamba mgonjwa ni mguu wake, na dawa ni juu yake. Mama alinitazama, nami nikaona sanduku, blanketi na sare vikipita machoni pake vikienda zake. "Nani ananunua?" akauliza. "Kabla haujaoza."

Bi Salome hakuutazama mguu kabisa. Alizunguka mbele, akainama, akamtazama ng'ombe mdomoni kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nitakupa pishi mbili, Mama Eliseba, kwa ajili ya ujirani." Gunia zima likaenda kwa pishi mbili, na Mama akamshukuru.

Mzee Guyo aliporudi alichomoa mwiba mrefu wa mgunga, akasikiliza kisa chote, akashika kichwa. "Mama Eliseba, iko mwiba tu! Hii ng'ombe nacheua, nakula, nalala vizuri. Ng'ombe moja, si ng'ombe nne. Mkigawa tena mimi nachinja, kila mtu nabeba mguu yake nyumbani." Hapo ndipo wote walipoelewa kwamba walichonunua ni robo ya ng'ombe mzima, pamoja na mdomo na mkia na ndama. Mama alielewa wakati hana tena hata kwato. Baada ya mwezi mmoja ng'ombe akazaa mtamba mwingine, na nusu ya yote ikawa ya Bi Salome.

Mto ulifurika, barabara ya Garsen ikazama, duka likabaki na rafu tupu. Hata hivyo baada ya mavuno mwenye duka alilipa gunia na pishi kumi, kwa sababu karatasi ilisema hivyo. Sanduku langu, blanketi langu na sare yangu vilitoka katika Zaburi za mama mdogo Rebeka. Mama alinisindikiza hadi kwenye mtumbwi. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia. Msimu uliofuata aliununua tena mguu ule ule kwa Bi Salome, kwa gunia zima na pishi tano juu, na ndama wa ng'ombe yule ndio walionilipia karo hadi nikamaliza shule.

Siku hizi hakuna anayepaka samli. Mjukuu wangu Jilo yuko Nairobi, ana hisa za kampuni ndani ya simu, na hajawahi kuiona kampuni yenyewe. Zikishuka ananipigia akihema. "Nyanya, niuze?" Mara ya kwanza nilimwuliza, "Inacheua?" Akadhani nimezeeka. Nikamsimulia kisa cha mtamba, kisha nikamweleza: inauza bado, inalipa wafanyakazi, inapata riziki yake? Au umeona mguu tu?

Juzi zikashuka tena. Akapiga, lakini hakuhema. "Nyanya, nimekwenda kutazama mdomo. Inacheua." Nikakata simu nikacheka peke yangu jikoni. Kisha nikalia kidogo, kwa ajili ya Mama aliyesimama pale mavumbini akiuza shule yangu kwa pishi mbili, kwa kunipenda mno, na mdomo wa ng'ombe ulikuwa unatafuna mbele ya macho yake.