Jina Chini ya Karatasi ya Dhahabu

Mwezi uliopita ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa, na binti yangu akashuka uwanja wa ndege wa Luano na zawadi aliyoipakata ndani ya ndege tangu Kinshasa. Fremu nyeusi, kioo safi, na ndani yake santuri. Katikati alikuwa amebandika karatasi ya duara, rangi ya dhahabu, yenye jina langu. Siku hizi ndiyo mtindo, aliniambia: unatafuta wimbo uliovuma zamani, unautia fremu, unamwandikia mwenye sikukuu. Wageni wakapiga makofi. Mimi nikauliza santuri ameitoa wapi.

"Mu sanduku ya nkambo, maman. Ilibakiaka moja tu."

Nkambo ni bibi yake, yaani mama yangu mzazi, ambaye sasa ni marehemu. Niliposikia hivyo nikaweka sahani yangu ya keki chini.

Mtindo huo, rafiki yangu, watoto wa leo wasijisifu nao. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, kutoka kaskazini ya Katanga. Mtoto wake akifikisha miaka saba, Jumapili baada ya misa baba alipita kwa mwuza santuri na kumwuliza, "Ni gani njo ya kwanza hii semaine?" Alinunua santuri ya wimbo huo huo uliokuwa ukiongoza wiki hiyo, hata kama yeye mwenyewe haupendi. Nyumbani aliketi mezani, akaandika jina la mtoto juu ya lebo kwa wino wa buluu, herufi zimelala upande mmoja kama alivyoandika kazini. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuiwekea sindano. Mama alipika kuku na bukari, ndiyo ugali wetu, na sisi wasichana tulitwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka mikono ikanuka majani.

Yaya wangu, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, alinitangulia kwa miaka miwili. Santuri yake ilikuwa ya magitaa matupu. Alishusha sindano polepole, ameuma ulimi, kisha akacheza na ile mikono yake ya sombe, akanivuta nami. Nilimwonea wivu sana.

Alikufa kwa surua, wakati wa baridi na vumbi, akiwa na miaka minane. Mama alifunika gramafoni kwa kitenge, mwaka mzima. Picha ya yaya hatukuwa nayo hata moja. Nilipotimiza saba nikapewa santuri yangu, na nakiri kwamba nilifurahi, katika nyumba ambayo hakuna aliyecheka.

Miaka kadhaa baadaye treni zikapungua, na mshahara wa baba ukakoma. Mama alianza kupeleka santuri sokoni, moja moja, amezifunga ndani ya kitenge, akarudi na unga. Za wadogo zangu wa kiume zikaenda. Ilipofika zamu yangu nililia, nikasema neno ambalo mpaka leo linaniuma: "Uzisha ya yaya. Yeye hasikie tena."

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliniambia tu, "Weye uko na masikio, utasikia ingine. Ule mwenzako iko na hii tu." Akatoka na yangu. Jioni tulikula bukari ya wimbo wangu na kapenta, wale dagaa wakavu, na mimi nilikula nikashiba.

Hayo yote sikuwahi kuwasimulia watoto wangu, kwa aibu. Hata jina la yaya sikulitaja. Kwa hiyo kosa ni langu, si la binti yangu. Nilimwuliza kama hakuona maandishi kwenye lebo.

"Niliona jina ya muntu ingine," akasema. "Nilizani ni ya mwenye alikuwa nayo mbele. Njo nikafunika."

Wageni walipoondoka nilifungua fremu mezani. Nilichukua kitambaa cha jikoni, nikakilowesha maji ya uvuguvugu, nikaanza kusugua ukingo wa ile karatasi. Ningesubiri, ningetafuta fundi anayejua gundi. Sikusubiri. Karatasi ilitoka, na wino wa baba ukatoka nayo.

Binti yangu alikuwa amesimama kando ya meza. "Maman, ule alikuwa nani?" Nikamwambia, na jina nikalitaja, kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe. Hakujua kabisa kwamba nilikuwa na dada.

Makaburini alikozikwa kumejengwa nyumba. Nilikwenda wakati fulani, nikakuta mtu anaanika nguo. Gramafoni sijui iliishia wapi. Baba hayupo, mama hayupo, na wadogo zangu walikuwa wachanga mno wakati ule, yaya hawamkumbuki.

Santuri nimeitundika sebuleni, hapa mtaani kwetu Makomeno, lebo tupu. Kile kitambaa kina doa la buluu. Sijakifua.