Walituita Jumamosi

Mtu yeyote aliyekaa Kisumu hata mwaka mmoja anajua kwamba Jumamosi sisi huzika. Ijumaa mchana magari yanapanga foleni nje ya mochari, spika zinaimba, na kufikia Jumamosi asubuhi nusu ya Nyalenda iko kijijini kwa mtu fulani, imekalia viti vya plastiki chini ya hema. Ukitaka nyanya siku hiyo utazunguka. Ukitaka fundi wa bomba, utaambiwa ameenda matanga. Kwa hiyo niliposikia kwamba mkutano wa kutoa maoni juu ya njia ya mabasi ya mwendo kasi utafanyika Jumamosi asubuhi, katika ukumbi mmoja Kondele, nilidhani aliyepita mtaani akitangaza kwa kipaza sauti amekosea siku. Hakukosea.

Njia yenyewe ilikuwa imepangwa ianzie karibu na kwetu Nyalenda, ipite katikati ya mji, iishie Kondele. Lililobaki ni swali moja: iishie hapo, au iendelee hadi chuo kikuu kilicho nje ya mji? Kuna waliosema chuo ni mbali na mabasi yatakuwa yanarudi matupu. Wenye vyumba vya kupangisha pale langoni mwa chuo hawakuitaka kabisa, na wala hawakuficha, maana mwanafunzi akiweza kurudi kwao jioni, nani atalala katika vijumba vyao vya mabati? Mimi niliitaka. Sitajifanya kwamba niliitaka kwa ajili ya maendeleo ya nchi. Niliitaka kwa ajili ya msichana mmoja.

Ni binti wa kaka yangu, anayelima miwa upande wa Awasi. Nimemlea binti huyo tangu akiwa darasa la kwanza, na mpaka leo ananiita Waya, yaani shangazi, hata anaponikasirikia. Alipopata nafasi ya kusomea kazi ya maabara ya hospitali, nilifunga duka langu la kushonea nikaenda naye sokoni kuchagua kitambaa cha koti jeupe. Nililishona mwenyewe. Mikono niliiacha mirefu kidogo, kama vile bado anakua, naye akanicheka.

Tabu ilikuwa jioni. Maabara ya chuo ni chache na wanafunzi ni wengi, basi kundi lake lilipangiwa kufanya mazoezi jua likishazama. Mabweni yalikuwa yamejaa, na chumba cha langoni hatukukiweza. Giza likiingia matatu haziendi tena hadi kule, zinageuzia njiani. Kinachobaki ni bodaboda kwenye barabara isiyo na taa. Jioni moja aliporwa simu na begi. Jioni nyingine alirudi na goti limechubuka, akasema ameteleza, nami nikajua hakuteleza. Kaka yangu aliposikia alinipigia simu, akasema kwa sauti ya chini, ile anayotumia akishaamua jambo.

"Kama njia ni hiyo, atafute kozi ya mchana. Afadhali mtoto aliye mzima kuliko hiyo maabara."

Chuo kilikuwa kimetoa muda, mpaka mwisho wa mwezi uliofuata, kwa anayetaka kubadilisha kozi. Nilimwomba kaka yangu asubiri. Nilimwambia mabasi yanakuja, na tukisema sawasawa yatafika hadi langoni, yenye taa na kituo na watu. Alikubali, kwa sababu ni mimi niliyesema.

Ndiyo maana nilienda mwenyewe kwenye ofisi ya mradi kuwaomba wabadilishe siku. Dada wa mapokezi alinisikiliza vizuri.

"Mama, Jumamosi ndio watu hawaendi kazi," akasema. "Ndio wakachagua hiyo."

"Wewe utakuwepo?"

Akacheka kidogo, akaangalia mezani. "Mimi niko na matanga hiyo siku."

Nilitaka kucheka pia lakini hasira ilinishinda. Ningeelewa kama waliopanga wangekuwa wageni, watu wa kushuka kwenye ndege na kupanda tena. Lakini mwenyekiti wa kamati ya maoni ni mzee wa huku huku. Ana boma, ana wakwe, ameshazika na ataendelea kuzika. Alikaa kwenye kikao, akasikia neno Jumamosi, akanyamaza.

Jumamosi hiyo tulikuwa tunamzika mpiga ngoma wa kwaya yetu, huko mbele ya Awasi. Mimi ni kiongozi wa kina mama wa kupika, sufuria ya wali iko mikononi mwangu, na kwetu hakuna udhuru wa kukosa matanga ya mtu mliyeimba naye. Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumtuma: jirani yangu anayeuza viazi, mama aliyetoka upande wa kati ya nchi. Watu wake huzika hata Jumanne, na alasiri mtu yuko dukani kwake anapima viazi. Miaka yote tumemtania kwa hilo. Siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Jumapili baada ya kanisa alinipa habari, bado amesimama mlangoni.

"Hakukuwa na watu, mama. Wenye nyumba za langoni ndio walijaa mbele. Mimi nikasimama, nikasema watu wengine wako matanga, wangojewe. Mwenyekiti akaniuliza kama niko na mtoto pale chuo. Nikasema sina. Akasema asante, nikae chini."

Wiki iliyofuata redio ilitangaza kwamba wakazi hawakuonyesha haja ya njia hiyo kupelekwa chuoni. Hawakuonyesha haja. Nilikuwa nakata kitambaa cha sare ya shule, nikaharibu mkono mzima wa shati. Kuambiwa hapana ningeweza kuvumilia. Nimeambiwa hapana mara nyingi maishani na bado nakula. Lakini kuambiwa kwamba mimi ndiye niliyesema hapana, wakati nilikuwa nimeinama juu ya moshi nikiwapikia waombolezaji, hilo lilinichoma na linanichoma mpaka leo. Msichana alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja. Alisikia tangazo lote, akaokota vipande vya kitambaa sakafuni, akasema anaenda kuteka maji.

Nilimwambia asikate tamaa. Nilimwambia nitamkuta huyo mzee, na nilijua mahali pa kumkutia. Kuna mtu mkubwa asiyekuja matanga? Mkutanoni mlango una askari, lakini matanga hayana mlango.

Haikuchukua muda. Tulimzika mama mmoja wa kundi letu, na mwenyekiti alikuja kwa sababu dada yake ameolewa katika boma hilo. Alipewa kiti chenye mto, mbele, karibu na wachungaji. Zamu ya wakwe ilipofika akapewa kipaza sauti. Alitoa pole vizuri, sina neno na hilo. Halafu, kama kawaida yao, akasahau kwamba kuna jeneza mbele yake, akaanza kutuambia habari za mabasi ya mwendo kasi. Akasema maendeleo yamefika, na kila hatua wananchi wameulizwa.

Zamu ya kina mama wa kupika huwa karibu na mwisho, jua likiwa kali na watu wakinusa nyama. Nilipanda na aproni yangu. Nikamsifu marehemu, maana alistahili sifa. Kisha nikamgeukia mzee.

"Jaduong', mzee wetu, pole na safari. Umesema tuliulizwa. Tuliulizwa siku gani?"

Mshereheshaji akaanza kunyoosha mkono achukue kipaza sauti.

"Ilikuwa Jumamosi," nikasema. "Leo ni siku gani? Na hawa watu wote wako wapi? Wewe mwenyewe uko wapi?"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, na kule nyuma wakaanza kunong'ona kwa sauti inayosikika. Nikasema niko na mtoto anayesoma maabara, na anarudi gizani kwa pikipiki, na mimi sijawahi kusema sitaki basi limchukue. Nikasema aliyetaka kujua maoni yangu angenikuta kwenye sufuria. Mume wa marehemu, ambaye nilidhani nimemkosea, alikuwa akitikisa kichwa polepole kukubali. Akaomba kipaza sauti akiwa ameketi.

"Mjibu huyu mama, shemeji," akasema. "Mke wangu angetaka ajibiwe."

Mtu hawezi kukataa neno la mfiwa mbele ya jeneza. Mwenyekiti alisimama, akakiri kwamba siku haikuwa nzuri, akaahidi mkutano mwingine, siku ya kazi. Watu walipiga makofi, na nilirudi jikoni kupakua wali. Nilijiona mkubwa, sitaficha.

Mkutano ulifanyika Jumatano, mwezi uliofuata. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Walikuja wanafunzi, wapishi wa chuo, mafundi, kina mama wa soko la Kondele, na jirani yangu alifunga duka la viazi akaketi mstari wa mbele kana kwamba ameandaa yeye. Wenye nyumba za langoni walisema yao, nasi tukasema yetu, kwa zamu. Mwishowe mwenyekiti akasoma kwamba kamati imesikia, na itapendekeza njia iendelee hadi chuo kikuu. Watu walisimama. Mama mmoja alipiga kigelegele. Msichana wangu alikuwa kando yangu, akipiga makofi kama wengine, uso wake umetulia mno.

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa naongea bila kupumua, namwambia atampigia baba yake amweleze, kwamba asimsumbue tena kwa habari za kozi ya mchana. Alinishika mkono.

"Waya, nilishabadilisha."

"Ulibadilisha nini?"

"Kozi. Sasa nasoma biashara, ya mchana. Mwezi ulikuwa unaisha."

"Lini?"

"Ile wiki redio ilisema hatutaki."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema alijaribu, lakini wiki ile nilikuwa na hasira sana, na baadaye nilikuwa na furaha sana. Alisema siku niliposimama kule matangani alikuwa nyuma ya hema akiosha sahani, akasikia kila neno, na hakuwa na moyo wa kunikatiza. Hata babake alimwomba anyamaze kwanza.

"Usilie, Waya," akasema. "Si basi litakuja? Litabeba wengine."

Watu wananisimamisha njiani kunipongeza, wananiita mama wa mabasi. Kaka yangu pia amenipongeza. Nawaitikia, lakini sikuwapigania wengine. Nilimpigania yeye, na yeye alishinda Jumatano kitu alichonyang'anywa Jumamosi, na hakuna mtu katika kamati ile anayejua wala atakayeulizwa.

Koti jeupe liko kwenye msumari nyuma ya cherehani. Juzi binti yangu aliniomba ampe msichana mmoja wa mwaka wa kwanza aliyepata nafasi ya maabara, mfupi kumliko, akasema nikipunguza mikono litamkaa. Alikuwa ameshalikunja. Nimelikunjua, nikalirudisha pale pale, nikamwambia sipunguzi.